Miche ya Mama Nafula

Jumanne, Kimilili

Mimi nikitema mate chini, mti unaota. Hata bosi wa mradi wetu wa miti kule Kitale anajua, ingawa shule niliachia kidato cha pili.

Sasa hawa wazee wa hapa kijijini. Jua linawakaushia mahindi kila msimu, miti ingeshika unyevu, lakini ati mwanamke akipanda mti anamtakia mumewe kifo. Upuzi mtupu. Nikamwambia Mama Nafula, "Panda bana, si shamba unalima wewe?" Akapanda miche arobaini ya grevilea, ile miti ya mbao, mpakani mwa shamba.

Leo nimekuta mzee wake, yaani mumewe, ameing'oa yote. "Kijana, ni wewe unataka kunizika?" Nikamcheka hapo hapo.

Mzee amemrudisha Mama Nafula kwao Malakisi, kwa wazazi wake. Kabla ya kupanda alikuwa ameniomba niongee na mzee kwanza. Nilimwambia nimeshaongea. Sikuwa nimeongea.