Alichokunywa Mama

Mansura, Jumanne

Kaka Rushdi,

Salamu zikufikie huko Kuwait. Hapa paka amezaa, na kibaraza kimepakwa rangi.

Mkeo Insaf alimwachisha Mama sukari. Chai yake ya maua ya karkade aliitia mdalasini tu. Hata hivyo presha ya Mama ikapanda na miguu ikavimba. Nikamtilia shaka Insaf, nikawa nanusa kila bilauri anayomletea.

"Wifi, unanusa nini? Sumu?"

"Moyo wako unajua," nikamjibu.

Jana tulimpeleka Mama hospitali, nikamshtaki Insaf mbele ya daktari. Daktari akamgeukia Mama. "Bi Hajja, unakunywa nini kingine?"

Mama akacheka. "Bahiga huyu ananiletea maji ya mzizi wa susi kila siku. Matamu, na hayana sukari!"

"Basi hayo ndiyo yanayokupandisha presha."

Kaka, nilikuwa nikimpa kwa siri, ili anipende kuliko anavyompenda Insaf. Insaf alisikia yote. Alimshika Mama mkono wakatangulia kushuka ngazi.

Leo nimemwomba radhi. Amesema nikuandikie wewe kwanza, kwa mkono wangu, ndipo atanijibu.

Dada yako,
Bahiga