Mtu wa Bati na Mtihani wa Hesabu

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako nitajiitikia mwenyewe, maana leo sina subira. Matokeo ya darasa la saba yametoka. Wale watoto wako wa bustanini wamefaulu, Baba! Saba wamechaguliwa kwenda sekondari, na shule yetu haijawahi kupeleka zaidi ya wawili. Niliyasoma majina ukutani nikalia mbele ya mwalimu mkuu bila haya.

Nakuandikia hapa hapa nyumbani Ng'ambo, kwenye benchi lako la kuzibia pancha. Mama kaniuliza naandika nini, nikamwambia andalio la somo. Mungu anisamehe.

Tangu tukuzike, siku ile ya mtihani imenikaa kifuani. Ulipokuja kuwafundisha wanafunzi wangu kazi za mikono, kila shule ikiambiwa ijitegemee, nilijivunia sana. Ukawakusanyia mabati, mnyororo wa baiskeli na pipa kuukuu, mkamtengeneza yule mtu wa bati wa bustani ya mboga. Maji yanadondoka kutoka kwenye pipa, kopo linajaa, linapinduka na kunywesha mchicha. Papo hapo mnyororo unavutika, mkono wa bati unainuka, na paa! Rungu lake limepiga debe, kuku wa jirani hao wanatimka, na kopo linaanza kujaa upya. Hakuna mtu aliyemshika. Hata mkaguzi wa elimu alimzunguka mara mbili akitafuta mtoto aliyejificha nyuma yake.

Mimi nikaanza kuona muda unapotea. Mtihani ni mmoja nchi nzima, na hauulizi kopo linapinduka vipi. Nilikwambia hivyo. Ukasema, "Haya, Mwalimu," kwa ile sauti yako ya kukubali usichokikubali.

Nikakuomba siku ya mtihani pipa likae tupu, watoto wapate utulivu. "Haya, Mwalimu." Siku ikafika. Akaja msimamizi mgeni, sisi walimu wa shule tukawekwa kule kwenye ghala la majembe, marufuku kusogelea darasa. Karatasi ya hesabu imeanza tu, nasikia paa! Kimya kidogo. Paa! Sikuweza kwenda kulizuia lile debe. Nilikaa nikihesabu kila kishindo mpaka mwisho. Msimamizi, kumbe, alidhani ndiyo kengele yetu.

Jioni nikakuvamia hapa kwenye benchi. Nilikwambia umewaharibia watoto wa watu maisha kwa usahaulifu wako. Nilikwambia hivyo, Baba, mimi mwanao. Wewe uliendelea kukwangua mpira wa baiskeli, hukuinua hata macho. "Haya, Mwalimu." Wiki tatu baadaye ukaondoka. Na msibani mtani wako Mzaramo, Mzee Pazi wa reli, akavaa kofia yako kama watani wafanyavyo, akapaza sauti kwamba umekufa makusudi, umeyakimbia matokeo. Watu wakacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba.

Leo sasa. Nyamizi, yule binti aliyekuwa fundi wako wa mnyororo, amekuja kuniaga. Naye kachaguliwa. Nikamwambia, poleni na lile debe. Akanishangaa. "Mwalimu, si ndilo lililotusaidia?"

Akanieleza. Kumbe kila mlipopalilia uliwapa hesabu za kichwa. Debe likilia, aliyekwama anaacha, anahamia swali jingine. Unamjua Nyamizi, mtu wa kung'ang'ania swali moja mpaka karatasi zinakusanywa. Nilimgombeza mwaka mzima bila faida, na darasani kwetu hakuna saa. Siku ile, anasema, kila debe lilipolia aliinua kalamu akasonga mbele. "Babu Fundi alituahidi atatujazia pipa."

Hukusahau! Ulijaza makusudi. Ukaninyamazia kwanza nisije nikakuzuia, kisha ukaninyamazia tena nilipokutolea maneno, watoto wasije wakashukiwa udanganyifu. Mzee mjanja wewe. Nimecheka peke yangu hapa mpaka Mama akachungulia dirishani.

Miezi hii yote nimekuwa nikidhani umekwenda kaburini na maneno yangu. Kumbe ulikuwa unajua unachokisubiri. Kifua kimefunguka, Baba, hata pumzi naiona nyingi. Nisamehe hata hivyo. Nilitaka uyaone majina yale kwa macho yako.

Waliobaki bado wananiuma, maana ni wengi kuliko waliochaguliwa. Nimewaambia waje bustanini, mkono wa bati umelegea na hakuna anayeujua kuwashinda wao.

Lala salama, Baba, Mwenyezi Mungu akupe nafasi kubwa huko uliko. Shule ikifunguliwa, pipa nitalijaza mimi kila asubuhi. Na mwakani, siku ya hesabu, nitalijaza mpaka juu, niende nikakae na wenzangu ghalani. Wakiniuliza, nitasema nimesahau.

Mwanao,
Zuhura