Koleo Lililomkalisha Nesi Rehema Barazani Kwangu

Alhamisi. Mawingu yametanda juu ya milima ya Umatengo, ziwa limetulia kimya. Mimi sijatulia.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka: nina wivu. Namwonea wivu Nesi Rehema, aliyeletwa na serikali kutoka Tanga kufanya kazi kwenye zahanati ya kijiji chetu kipya cha ujamaa, hapa karibu na Lipingo.

Yalianza Jumapili baada ya misa. Mume wangu Valentino, dereva wa Landrover ya zahanati, alikuwa barazani akipekua vyuma alivyoachiwa na fundi mmoja wa misheni. Akatoa koleo zito lenye kutu, midomo yake ina vishimo. Yeye alidhani ni la kutobolea ng'ombe masikio. Mimi nikasema labda la kung'olea misumari. Rehema alikuwa anapita, akasimama.

"Baba Gaudensi, hilo ni la umeme," alimwambia mume wangu. "La kubania vichwa vya waya. Marehemu baba yangu alikuwa fundi, alikuwa nalo."

Akapewa kiti. Akaeleza: hapa unakatia waya, kwenye vitundu hivi unamenya ganda lake bila kuijeruhi shaba. Kisha unaingiza shaba kwenye kichwa cha bati, kile kinachovikwa mwisho wa waya, unakiweka kwenye kishimo kinacholingana nacho, unabana mpaka mwisho. Halafu unavuta. Waya ukichomoka, ujue hukubana.

Nyuso zao zilikaribiana juu ya koleo lile. Valentino alicheka kama alivyokuwa akicheka wakati ananichumbia kule Kitura. Miaka yote hii nikimuuliza gari lilikuwa na nini, hunijibu, "Limepona." Basi. Siku ile alikuwa na maneno ya kujaza debe.

Usipa wangu, wale dagaa wa ziwani, waliungulia jikoni.

Rehema alirudi Jumatatu, na Jumanne tena. Maongezi yao ni waya tu, koleo tu. Mimi nilikaa jikoni, mlango wazi, nikisikiliza kama polisi. Sikukosa neno hata moja.

Jana mchana akaletwa mama mjamzito, amechoka, mtoto hatoki. Rehema akasema lazima apelekwe hospitali Mbinga. Landrover ikawaka, ikakohoa, ikazima. Valentino akafunua boneti: waya wa swichi umekatika pale kwenye kichwa chake. Naye kidole gumba chake kilibanwa na jeki juzi, kimevimba, hakiwezi kubana kitu. Mimi nimesimama pembeni yake na shuka za mgonjwa. Akapaza sauti, akanipita kama mti.

"Nesi Rehema! Njoo unisaidie kubana!"

Iliniuma kuliko kofi.

"Nina mgonjwa mikononi!" Rehema alijibu kutoka ndani ya gari. "Mkeo si huyo hapo?"

Sikusubiri kuelekezwa. Nikachukua koleo na kichwa kipya kutoka kwenye vyuma vyake, nikamenya waya, nikaingiza shaba, nikatafuta kishimo chake, nikabana kwa mikono miwili na hasira zangu zote. Nikavuta. Waya haukutoka.

Valentino alinikodolea macho. "Mama Gaudensi, umejifunza wapi?"

"Jikoni. Washa gari."

Likawaka. Wakaanza kupanda mlima, mume wangu kwenye usukani, Rehema nyuma na mgonjwa, mimi nimebaki na vumbi.

Hata pale, Mungu anisamehe, niliona wivu.

Wamerudi leo. Yule mama amepasuliwa, amepata mtoto wa kike, wote wazima. Rehema hakwenda hata kunawa uso. Alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mikono. "Dada, bila wewe tungemzika." Kisha akaniambia kwamba tangu afike huku, hapa kwetu tu ndipo alipomtaja baba yake na watu wakataka kumsikiliza. Akalia. Nami nikalia.

Kumbe alikuwa anamlilia baba, si kumtafuta mume.

Je, wivu umekwisha? Sitajidanganya. Umepungua makali. Ninachomdai Valentino sasa ni yale maneno ya kujaza debe. Na mimi niyapate, si kuyaokota mlangoni.

Kesho Rehema anakuja kula kwetu. Nimemwalika mwenyewe. Nitapika samaki mbasa, nitavaa kitenge changu kizuri, na kiti changu nitakiweka katikati yao.