Selo ya Zoya Arkadievna

Jumatatu, 3 Juni 2024
Sijawahi kufungwa. Naanza na hilo, maana watu wote wanaonijua hapa Geita wanaamini nilifungwa Urusi, na nimewaacha waamini hivyo miaka hamsini. Niliporudi na shahada yangu ya miamba, mama aliniuliza mbona nimekonda, jioni zangu nilikuwa nazimalizia wapi huko. Nikamjibu: kwenye selo. Nilimaanisha chombo cha muziki, kama zeze kubwa la nyuzi nne, unakibana kwa magoti. Lakini sisi Wasukuma hata sero ya polisi tunaiita selo. Mama akalia. Sikumsahihisha.

Leo asubuhi mwenzangu Bujiku amepita na mkongojo wake. "Mwangaluka, mfungwa. Kifungo hakiishi tu?" Tumecheka. Kifua kimeniuma hadi saa tano.

Jumatano, 5 Juni 2024
Zoya Arkadievna. Nimeliandika ili nilione tu.
Alizaliwa Saratov, baba yake fundi wa treni. Selo ya kwanza alipewa baada ya vita, ana miaka kumi na moja, ilimzidi kimo. Alipotufundisha alikuwa mpigaji katika okestra ya mji — na jioni mbili kila wiki alikuja kwetu, wanafunzi wa kigeni, bure. Hakuna kugusa uzi kabla hujaimba. Mkono haujui usichokijua wewe, alisema. Mimi niliimba wimbo wa machungani niliofundishwa na babu. Akauandika kwa noti, wiki iliyofuata akaupiga wote, pamoja na kosa la babu yangu, kwa sababu ndivyo nilivyoimba.

Mke wangu Melania, Mungu amrehemu, nilimpenda. Ya huyu sijui niyaite nini. Natamani aupige tena wimbo ule. Mara moja tu.

Jumamosi, 8 Juni 2024
Binti yangu Nelly amekuja na simu. Baba, kuna mama wa Kirusi anakutafuta, jina amelipata kwa wenzako uliosoma nao kule.

Zoya Arkadievna yu hai! Miaka tisini. Anayeandika ni mwanafunzi wake wa mwisho, anakusanya habari za maisha yake. Nimesoma mwenyewe, herufi zao bado nazijua. Mwaka 1974 alitolewa okestra, akapelekwa mji wa mbali kufundisha watoto. Miaka kumi na tisa. Hakupanda tena jukwaa kubwa. Watoto wale ndio walimu wa selo sasa, miji mingi. Chanzo ni karatasi waliyotia sahihi wanafunzi wake wa kigeni, ikidai kwamba aliwapa barua za siri wazitoe nje ya nchi. Karatasi yenyewe hakuonyeshwa.

Kisha hii: "Husema kila mara kwamba wewe, Bartholomeo, peke yako ulikataa kutia sahihi. Anaomba asikie sauti yako."

Nikamtafsiria Nelly. Sijui kwa nini nilimtafsiria. Akanishika mkono. Kumbe ndiyo sababu walikufunga, Baba.

Jumapili, 9 Juni 2024
Nelly amesimulia kanisani. Bujiku amekuja, hakuniita mfungwa. Amevua kofia. "Na sisi tulidhani uliiba."
Sikula.

Jumatatu, 10 Juni 2024
Nelly ameketi mbele yangu, simu iko mkononi. Baba, ongea tu, nimeshabonyeza kurekodi. Nimemwambia azime kidogo, niandike kwanza.

Miaka hamsini kuna mtu mbali huko ananikumbuka vizuri. Ningependa afe akinikumbuka hivyo. Na mimi nife nikijua. Salamu tu zingetosha — habari za siku nyingi, mwalimu.

Anauliza tena, uko tayari? Bado.

Mwalimu hakutupatia barua. Hata moja. Karatasi ililetwa bwenini, mtihani wa mwisho umebaki wiki. Hakuna aliyenitishia. Walioileta walisema tu, mtihani umekaribia. Tulikuwa sita mezani, wote tunatazama chini, mistari yote ya sahihi mitupu.
Kalamu ilikuwa yangu. Nilitia sahihi wa kwanza.