Kipande cha Bomba la Pongwe

Pongwe, 4 Machi 1985

Mpwa wangu Maulid,

Salamu nyingi. U mzima? Sisi wazima, ila sukari na sabuni tunazisikia redioni tu. Dawa ya mabomba ya kiwanda cha mkonge haijaja mwaka wa pili, na ule utelezi mweusi wa ndani unatoboa chuma. Nachemsha majani ya mwarobaini, natia kila Ijumaa. Miezi sita sasa hakuna tundu jipya. Meneja hanisikii mpaka maabara yenu ikubali. Nakutumia chupa ya dawa na kipande cha bomba na utelezi wake. Kazi yangu i mikononi mwako.

Mjomba wako, Uweso

Dar es Salaam, 20 Mei 1985

Shikamoo mjomba,

Natumai hamjambo, mimi mzima. Kipande chako kilinuka mayai viza, wenzangu wakaziba pua. Nikakikata viwili, nikavisugua kwa spiriti vikang'aa. Kimoja nikakitia katika dawa yako, kingine katika maji matupu. Baada ya wiki sita vyote sawa. Nimeandika kwamba dawa haina faida. Mjomba, mwarobaini ni wa homa, na chuma hakiugui homa. Umri nao umekwenda, pumzika.

Mpwa wako, Maulid

Pongwe, 2 Julai 1985

Maulid,

Hujambo? Ripoti yako imefika na nimepumzishwa, kama ulivyotaka. Mke wangu Semeni amelia, mimi nimecheka. Msomi mzima! Kinachokula bomba kinaishi ndani ya utelezi, na ndicho kinachonuka. Umekiosha chote, kisha unasema dawa haikuua kitu. Pua yako imesoma kuliko kichwa chako.

Mjomba wako, Uweso

Dar es Salaam, 11 Septemba 1987

Shikamoo mjomba,

Naomba barua hii ikukute mzima. Zangu tatu hukuzijibu. Tangu biashara iachiwe huru, kiwanda kilinunua dawa ya nje; kumbe madebe yote muda wake umekwisha. Mabomba yametoboka, mashine zimesimama, na meneja ananiuliza mimi. Tafadhali niandikie vipimo vya majani, urudi kazini. Nitumie na kipande kingine nikipime upya.

Mpwa wako, Maulid

Pongwe, 30 Septemba 1987

Maulid,

Sisi wazima. Ndoo moja ya majani mabichi, ndoo mbili za maji, ichemke hadi ibaki nusu. Vipimo hivi nawapa wanaokaa bila kazi hapa kiwandani tangu mashine zisimame, si wewe. Mimi sirudi. Nilikupeleka shule kwa mkono wangu, na ripoti yako inaniuma mpaka leo. Mwarobaini uko uani kwangu, waje wachume.

Kipande kimo katika kifurushi hiki. Kinanuka. Usikioshe.

Mjomba wako, Uweso