Beji ya Bega la Kulia

Jumatatu, 2 Februari 2015

Kamanda mpya ameanza na mabega yetu. Luteni Kanali Haskell, wiki ya pili tu hapa Kentucky, na leo asubuhi kwenye gwaride, mvua inatunyeshea, katangaza: kila mwenye beji kwenye bega la kulia alete karatasi ya kuthibitisha kwamba alikwenda vitani na kikosi hicho. Mwisho tarehe 20. Asiye na karatasi ataivua.

Bega la kushoto halina ugomvi, pale inakaa beji ya kikosi ulichopo sasa. La kulia ndilo lenye maneno. Pale unavaa beji ya wale uliokwenda nao vitani, na unaivaa mpaka ustaafu. Watu hulitazama bega hilo kabla ya kusoma jina lako.

Kazi yote imeiangukia ofisi ya kumbukumbu za askari, yaani mimi. Majina mia mbili na kumi na moja.

Langu halimo. Miaka tisa jeshini, bega langu la kulia tupu. Safari ya kwanza ya vitani nilikuwa na mimba ya mwanangu Josie. Ya pili ilifutwa mabegi yakiwa tayari mlangoni. Koplo mmoja aliniuliza kwenye foleni ya chakula, "Sajini Stallworth, wewe ndiye utakayetukagua? Kipofu atatupima macho?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nifanyeje?

Jumatano, 4 Februari

Majina sitini yameisha. Mepesi.

Leo kaja Sajinitaji Delbert Fontenot, karatasi zake ndani ya boksi la viatu. Mtu wa Louisiana, miaka ishirini na tatu kazini. Anafundisha vijana kazi ambayo hakuna anayeiomba — kuwaokota waliouawa, kuwatambua, kuwarudisha kwao. Namheshimu. Josie alipolazwa alileta sufuria ya wali na maharage mekundu, akaiacha kizingitini, akaondoka bila kubisha hodi.

Begani ana Mwewe, beji ya divisheni ya askari wa miguu. Karatasi zake zote zinasema Gurudumu, kamandi ya ugavi.

"Mzee, hapa unasomeka ugavi," nikamwambia.

"Kwenye karatasi, ndiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa kwa Mwewe. Siku sitini na moja."

"Nani alikupeleka?"

"Afande mmoja alinionyesha helikopta, akasema panda. Sikumdai barua."

Nikamweleza: kanuni inakubali, ukiazimwa kwa kikosi kingine unavaa beji yao. Lakini amri ya kuazimwa iwe imeandikwa. Akafunika boksi lake. "Basi itafute, dada. Wewe ndiye mjuzi wa makaratasi."

Alhamisi, 5 Februari

Sasa najua agizo limetoka wapi. Kapteni Lindqvist aliingia, akafunga mlango, akauliza nimefika wapi na Fontenot. Yeye ndiye aliyempelekea kamanda malalamiko. Yeye ni Mwewe kweli — Iraki, 2005, luteni mchanga, mji huohuo ambao Fontenot anasema alikuwako.

Nilitegemea majivuno. Hakuwa nayo. Alikaa ameshika kofia.

"Tulipoteza watu kumi na wanane pale, Sajini. Naijua kila sura iliyokuwa kwenye ile kambi. Yake siijui. Nikimwona kantini na beji ile, chakula hakipiti."

Nikamuuliza kama alimwuliza mwenyewe. Akasema angemwuliza angempiga, na hataki kumpiga mtu mzima.

Jumatatu, 9 Februari

Nimepiga simu kwenye hifadhi ya nyaraka mara nne. Mara ya nne mama mmoja akaniambia karatasi nyingi za mwaka ule hazikurudi kutoka kule. Ziliachwa, au zilichomwa. Atajaribu.

Mchana nikaenda kwenye darasa la Fontenot. Alikuwa anawaonyesha vijana namna ya kupekua mifuko ya sare. Polepole, mfuko mmoja mmoja, kila kitu kiandikwe, hata ganda la peremende. Walipotoka nikamuuliza nani alimpa ile beji.

"Sajini wao mmoja. Aliibandua begani kwake, akaniwekea mkononi."

"Anaweza kuniandikia barua?"

"Alijiua. Mwaka wa nne huu." Akaendelea kupanga meza.

Nikamwambia anaweza kuvaa Gurudumu, ni haki yake, nayo ni beji ya vita kama nyingine. Au asivae kitu — kanuni inasema anaruhusiwa, haisemi lazima. Akanitazama kana kwamba nimemwambia abadili jina la baba yake.

"Gurudumu sijui hata ofisi yao ilikuwa upande gani," akasema.

Ijumaa, 13 Februari

Jibu limekuja. Hakuna amri. Hakuna jina lake popote katika orodha za Mwewe.

Nimeandika: *Haijathibitishwa.* Nimetia sahihi. Kamanda akasoma, akasema kazi nzuri, Sajini.

Hapa naandika mwenyewe, kwa hiyo niseme. Mkono ulipokuwa unatia sahihi, nilifurahi. Kidogo tu, kama mtu anayekuna kidonda. Nilijiambia, haya, na yeye aonje bega tupu. Yule aliyeniletea wali. Sikujua kwamba kitu hicho kimo ndani yangu. Miaka tisa ya kucheka nao kwenye foleni, kumbe nilikuwa naweka akiba.

Jumatatu, 16 Februari

Sikukuu. Theluji hadi magotini. Josie anataka kutoka. Mimi sitaki kukutana na mtu.

Jumanne, 17 Februari

Aliivua mbele ya kamanda. Mimi nilikuwa shahidi, kanuni inataka shahidi. Ile sauti ya beji ikibanduka kwenye velkro ilijaa chumba kizima. Kamanda alinyoosha mkono aipokee. Fontenot akaitia mfukoni mwake, akapiga saluti, akatoka.

Mchana habari ilikwisha fika kantini. Maneno sikuyasikia yote, ila niliyoyasikia yanatosha: mzee alikuwa anatudanganya, amevaa damu za wenzake, mwizi wa sifa. Kijana wa darasa lake mwenyewe alihamisha sinia yake alipomwona anakuja kukaa. Fontenot alikula peke yake, akamaliza chote, akarudisha sinia.

Saa tisa alikuwa ofisini kwangu, anaomba fomu za kustaafu. "Kalamu ya kuandikia iko wapi?" akauliza, kama vile ni siku yoyote. Nikamwonyesha. Nilitaka kusema samahani. Nikamwambia atumie wino mweusi.

Alhamisi, 19 Februari

Kapteni Lindqvist alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua. Hakulala, inaonekana. Mkononi ana karatasi ya faksi.

Kumbe kila Februari humpigia simu Bi. Ruelas, huko Laredo. Mwanawe, Amadeo, alikuwa mshika redio wa Lindqvist. Aliuawa Februari ile, miaka kumi sasa. Jana walizungumza, na Lindqvist, hasira bado zimemjaa, akamsimulia habari ya mtu wa ugavi aliyejivika Mwewe. Bi. Ruelas akamuuliza jina. Akamtajia. Kisha akasema ngoja, nina karatasi.

Ni orodha ya vitu alivyorudishiwa mama. Vitu ishirini na tatu. Saa, imesimama. Rozari. Barua nne, moja haijamalizika. Na nambari kumi na saba, kwa mwandiko wa kuinamia kushoto, uleule wa fomu zake za kustaafu: *Beji ya bega, moja. Imefuliwa mara tatu. Doa lililobaki halikutoka, samahani.* Chini, tarehe, jina la kambi yao, na sahihi. D. Fontenot.

"Neno samahani halina nafasi kwenye fomu ile," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Kulikuwa na jengo nyuma ya kambi," Lindqvist akasema. "Karibu na matangi ya maji. Wenzetu waliouawa tuliwafikisha mlangoni tukageuka. Hakuna aliyeingia. Kulikuwa na mtu pale, Sajini, nikamkabidhi Amadeo mikononi mwake, na sikumtazama usoni."

Nikampa kiti. Hakukaa.

Ijumaa, 20 Februari

Kamanda amekubali. Tarehe, mahali, sahihi — inatosha. Akasema nirekebishe orodha na aipate kabla ya saa kumi. Alisema pia kwamba inasikitisha. Nadhani alimaanisha.

Tukamwendea Fontenot darasani, mimi na Lindqvist. Alikuwa anatia vitabu kwenye maboksi. Nikamwambia: mzee, imethibitishwa, unaweza kuivaa leo hii. Na kosa lilikuwa sahihi yangu, nikasema hilo nalo.

"Ulifuata kanuni, dada."

"Sikufuata kanuni tu."

Nadhani alielewa. Hakuniondolea mzigo, wala hakuniongezea.

Kisha akamgeukia Lindqvist. "Kapteni uliandika kwamba hukuniona kule."

"Sikukuona."

"Basi uliandika kweli. Hakuna aliyetaka kutuona, na sikuwalaumu. Ila yule sajini aliyenipa beji aliingia. Mara moja tu, akakaa nami mpaka nilipomaliza. Ndiyo maana nilivaa. Sasa vijana wangu wameshaniona nikivuliwa. Nikiirudisha watasema nimepewa kwa huruma."

Lindqvist alisimama kama mtoto aliyetumwa akasahau ujumbe. Kisha akauliza, na sauti haikuwa ya ofisa: "Amadeo. Usiku ule kabla ndege haijaja. Alikuwa peke yake?"

Fontenot akaweka chini vitabu alivyoshika.

"Hapana. Nilikuwa naye."

Akavuta viti viwili. Mimi nikatoka, nikafunga mlango.

Ni saa kumi na robo sasa. Karani wa kamanda amepiga simu mara mbili, anataka orodha. Nimemwambia umebaki mstari mmoja. Majina mia mbili na kumi yana jibu, ndiyo au hapana, na kanuni haina safu ya tatu. Nimekaa koridoni, orodha magotini. Bado wamo ndani. Wa kwanza kuzungumza alikuwa Fontenot, kwa muda mrefu, taratibu, kama anavyofundisha. Sasa hasikiki yeyote, na mstari wa Fontenot nimeuacha wazi mpaka atoke aseme mwenyewe.