Msumari wa Picha ya Mama

Leitrim, Jumatano

Kwa dada yangu mpendwa Attracta,

Salamu zikufikie huko Dublin zikukute umekaa, kikombe cha chai mkononi, wewe na shemeji na watoto mkiwa wazima. Mimi sijambo, tena ni zaidi ya sijambo: katika Leitrim nzima hakuna mwenye bahati kama mdogo wako. Ile boila ya kupashia nyumba joto, iliyokuwa ikitusumbua, nimeitengeneza kwa mikono yangu hii miwili, na nyumba ina joto mpaka paka amehamia dirishani kutafuta upepo. Kwa hiyo ile karatasi ya nyumba ya wazee usiitie saini. Mama akitoka hospitali aje kwake, alale kitandani mwake.

Ulinieleza waziwazi kwamba mapafu ya Mama hayataki tena baridi, na nyumba isipokuwa na joto haji. Nilikusikia, na tangu siku ile sikukaa kitako. Chumba chake nikakipaka rangi, kitanda nikakisogeza karibu na rejeta, lile bamba la ukutani linalotoa joto la boila, na ile picha yake ya Moyo Mtakatifu wa Yesu nikaitoa jikoni pamoja na kitaa chake chekundu, nikaitundika ukutani mbele ya kitanda ili akifumbua macho asubuhi waonane. Msumari nilioupigilia ungetosha kufungia meli. Miaka kumi na moja nimejenga London, na hakuna kitu nilichokitundika mimi kikaanguka.

Basi kesho yake boila ikazima. Mshale wa geji ya presha umelala chini kabisa. Maji ya kupashia nyumba, dada, yamefungiwa ndani ya mabomba, yanazunguka tu, hayana pa kwenda. Mshale ukishuka, ujue maji yametoka. Nikafungua koki ndogo iliyo chini ya boila, nikajaza, mshale ukapanda, boila ikanguruma. Siku ya pili chini tena. Nikazizungukia rejeta zote saba nikizitoa hewa, nikapapasa kila kiungo cha bomba kama daktari wa ng'ombe. Pakavu. Nikafunua mazulia. Pakavu.

Sasa sikiliza. Kuanzia wiki iliyofuata nilikuwa nikiondoka asubuhi kwenda kumwona Mama huku mshale uko chini, nimeuacha hivyo makusudi ili nipime mambo. Nikirudi mchana naukuta juu, na boila inaimba. Maji hayapandi yenyewe. Nikajua kuna mtu anaingia nyumbani mwetu.

Na wenye ufunguo ni wawili tu, mimi na jirani yetu Malachy Tiernan, ambaye Mama alimpa wa kwake alipolazwa. Unamkumbuka, miaka thelathini alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke kule kiwanda cha maziwa. Boila ilipokuwa mpya alikuja baa akasema kwa upole kwamba angependa kuiangalia. Nami nikamjibu mbele ya watu kwamba siku nikihitaji mtu wa maziwa anifundishe joto, nitamwita ng'ombe mwenyewe. Baa nzima ikacheka. Yeye alimaliza glasi yake akaenda zake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kuunganisha. Malachy analitamani lile shamba letu la bondeni tangu enzi za Baba. Nyumba ikiwa baridi, Mama atapelekwa kwa wazee, shamba litauzwa. Anatoa maji, anarudisha maji, ili nichanganyikiwe. Kila alichofanya kikawa ushahidi. Akinipungia mkono, mbona mapema hivyo? Akiuliza Mama anarudi lini, ana haraka ya nini? Siku moja akaniuliza getini, "Dinny, joto lipo?" Nikajiambia, mtu mwema anatafuta nini katika joto la mwenzake?

Jumatatu nikamtega. Nikanyunyiza unga wa mkate sakafuni mbele ya boila, nikaondoka na gari kwa kelele, nikaliacha kanisani, nikarudi kwa miguu. Nikakuta nyayo za buti kwenye unga, na alama nyeupe zimetoka mlangoni mpaka kwa Malachy. Nikamgongea nikamwita mwizi, mnafiki, mla mashamba. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akanipa ufunguo wa Mama. "Boila yako inakunywa maji, Dinny. Tafuta yanakokwenda. Mimi ningekwambia zamani, lakini wewe huambiwi."

Jana nilimsimulia Mama kwa madaha, nikidhani atanipongeza. Akaniambia ni yeye aliyemwomba Malachy aiangalie boila kila asubuhi. "Wewe ungesema unajua," akasema. Hilo lilinichoma. Ili kubadilisha mazungumzo nikamweleza nilivyoitundika picha yake mbele ya kitanda. Akafumba macho. "Ukuta ule? Baba yenu hakuugusa hata kwa pini. Bomba linapita humo. Unafikiri Yesu alikaa jikoni miaka yote hiyo kwa kupenda harufu ya kabeji?"

Niliendesha gari kama mwendawazimu. Nikaishusha picha. Nyuma yake ukuta ulikuwa umevimba, na msumari umelowa, una kutu. Kwa ujanja wangu nikaung'oa. Maji yakanirukia usoni, yakazima kitaa, yakalowesha kitanda. Nikaziba tundu kwa kidole, nikapiga kelele kumwita mtu pekee ambaye angenisikia.

Malachy alikuja na mkoba wake wa vyuma. Alinitazama nimesimama pale na kidole ukutani, maji yakinitiririka kwenye kiwiko. "Yule ng'ombe uliyesema utamwita," akauliza, "amechelewa?" Ndipo akaenda kufunga maji.

Hivi nakuandikia nimevaa koti, naye amepiga magoti chumbani kwa Mama, ameubomoa ukuta. Kuna kipande cha bomba hakifiki dukani mpaka Jumamosi. Anasema Jumapili jioni joto litakuwapo, na Malachy hasemi ovyo. Nimemwomba radhi. Amejibu kwamba chai yangu ni mbaya, lakini ameinywa.

Kwa hiyo nakuomba, dada, Ijumaa hii tuliyopanga usimlete. Waombe hospitali wamkalishe mpaka Jumatatu. Jumatatu njoo wewe kwanza, uguse kila rejeta kwa mkono wako. Ukikuta hata moja baridi, toa karatasi yako, nami nitakushikia kalamu.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, mwambie mkubwa baiskeli yake bado ninaitunza. Malachy naye anakusalimu.

Na yale niliyoanza nayo, ya bahati na joto na mikono yangu miwili, ni uongo. Niliogopa utatia saini kabla hujasoma mpaka chini. Nyumba ni baridi, na aliyeiharibu ni mimi.

Mdogo wako,
Dinny